Mama Emérita na Mizani ya Mafuta

Kila asubuhi Mama Emérita anakamua ng'ombe watano. Yeye na mume wake, Papa Narcisse, wanaishi juu ya kilima huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Akimaliza kukamua, anapeleka maziwa barabarani. Hapo mnunuzi anatumbukiza kipimo chake cha kioo ndani ya maziwa. Kipimo kikizama sana, maziwa yametiwa maji, na mnunuzi anayakataa. Maziwa ya Mama Emérita hayajakataliwa hata siku moja. Majirani wote wanalijua jambo hilo, maana yeye mwenyewe hachoki kuwaambia.

Binti yao Alliance alirudi kutoka Goma kujiandaa kwa harusi yake. Alimletea mama zawadi ya mizani. Mizani hiyo haikuonyesha kilo tu. Ilionyesha pia mafuta yaliyomo mwilini, ni sehemu ngapi kati ya mia. Mama akavua bote zake, yaani buti za malishoni, akapanda. Mizani ikasema mafuta ni 38. Kwenye karatasi iliyokuja na mizani, namba hiyo ilikuwa katika rangi nyekundu.

Mama aliogopa sana. Alikuwa amesikia redioni kwamba mafuta mengi mwilini yanaweza kuleta presha na ugonjwa wa sukari. Papa Narcisse alicheka. Alisema mtu anayepanda kilima hiki kila siku hana mahali pa kuficha mafuta. Mama hakucheka. Kipimo cha maziwa hakidanganyi, alijibu, basi na hiki hakidanganyi.

Akaacha kunywa maziwa. Akaacha mashanza, yale maziwa ya mgando anayoyapenda kuliko chakula chochote. Hata maji alikunywa kidogo tu, akidhani mwili ukikauka mafuta yataisha. Kila jioni alivua bote na kupanda juu ya mizani, kwenye sakafu ya udongo. Baada ya siku nne mizani ikasema 40. Baada ya wiki, 41. Basi akazidi kujinyima. Akaanza kusikia kizunguzungu, na asubuhi moja ndoo ya maziwa ikamponyoka ikamwagika yote.

Harusi ilikuwa imebaki siku kumi. Siku ya kuleta ng'ombe wa mahari, wakwe wangempa Mama Emérita maziwa mbele ya watu wote. Mama wa binti akiyakataa, ni kama amewakataa wakwe wenyewe. Mama alisema hatayanywa. Alliance aliposikia hivyo, alilia. Kisha akafuta machozi, akaenda kumwita Mama Umulisa, jirani yao, ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya.

Mama Umulisa alikuja Jumapili baada ya ibada. Alimpima Mama Emérita presha, akaiona iko chini kidogo. Akauliza anakula nini na anakunywa nini. Kisha akaishika ile mizani.

"Mama Emérita, kile kipimo ya maziwa inaingia mu maziwa, si njo vile?"

"Ndiyo, inaingia."

"Basi, iyi balance haiingie mu mwili yako. Haionake mafuta. Inapitisha umeme kidogo sana mu miguu, hauwezi hata kuusikia. Fasi kwenye kuko maji, umeme inapita mbio. Fasi kwenye kuko mafuta, inachelewa. Kisha balance inakisia tu mafuta iko ngapi."

Mama akafikiri. "Na kama maji iko kidogo mu mwili?"

"Umeme inachelewa pia. Balance inawaza ni mafuta."

"Kumbe miye niliacha maji, na yenyewe ikanihesabia mafuta."

"Njo vile, Mama."

Papa Narcisse akaanza kukohoa ili asicheke.

Mama Umulisa akabonyeza kitufe cha mizani. Ndani yake alikuta umri na urefu wa Alliance, aliyeijaribu kwanza dukani. Siku zote hizo mizani ilimpima Mama Emérita ikidhani ni msichana mfupi wa miaka ishirini na minne. Hapo hata Mama mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Waliandika humo umri na urefu wa Mama Emérita mwenyewe. Mama Umulisa akawaeleza kwamba kilo za mizani zinaaminika zaidi, kama imewekwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Namba ya mafuta inaweza kukosea sana, juu au chini. Ni vizuri kujipima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Miguu iwe mitupu, safi na kavu. Namba iandikwe, na mtu aangalie inavyokwenda kwa miezi, si kwa siku moja. Mwenye chombo cha umeme cha kusaidia moyo asipande kabisa, na mjamzito aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Anayeogopa presha au sukari aende kupimwa huko, asijinyime chakula wala maji.

Mama Emérita alikunywa maji siku ileile. Kizunguzungu kikaisha. Wiki iliyofuata alijipima asubuhi kwenye simenti ya baraza, na mizani ikasema 35. Mama Umulisa akamkumbusha kwamba hata hiyo ni ya kukisia. Mama aliiandika, akaenda kukamua.

Siku ya mahari, wakwe walipanda kilima wakiimba. Mama Muhawenimana, mama wa bwana harusi, akamkabidhi Mama Emérita chombo cha maziwa. Alliance aliinamisha kichwa. Mama Emérita akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akapumua, akanywa tena mpaka chombo kikabaki kitupu. Vigelegele vikajaa uani. Alliance alilia tena, safari hii kwa furaha.

Mama akajifuta midomo, akamgeukia mkwe wake.

"Ngombe ya maziwa iyi, mumeileta ao mumeiacha kwenu?"

Mama Muhawenimana akaonyesha ng'ombe mweusi karibu na ua. "Iko ile."

Papa Narcisse hakungoja kuambiwa. Akainuka, akaenda kumwingiza ng'ombe huyo zizini mwenyewe.