Aliyefika Kabla ya Jeneza

"Mdogo wako kafika," Mama alisema asubuhi hiyo, kajiinamia anasuuza vikombe. "Punguza sauti. Kalala."

Dada alikuwa ndiyo kwanza anatoka nyuma ya tangi la maji, simu bado ina joto mkononi. Muda huo huo mhudumu wa chumba cha maiti, huko nchi ya pili, alikuwa amemwambia kwamba mdogo wake yuko kwenye jokofu, ameshawekwa dawa, kinachosubiriwa ni kibali cha kumsafirisha tu. Akashika ukingo wa tangi.

"Kafika lini, Mama?"

"Jana jioni, wewe ukiwa kwenye cherehani yako. Hata geti hakugonga. Nimeingia ndani nikamkuta kashajilaza, kavuta pazia."

Hata geti hakugonga. Hapo ndipo damu ilipomsisimka Dada, maana mdogo wake huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Tairi kwa sababu utoto wake wote aliumaliza akikimbiza tairi bovu, hakuwahi kuingia kwao bila kugonga geti kwa funguo zake: ngo, ngo, halafu kimya kidogo, halafu ngo. Ukubwani akawa dereva wa malori ya masafa, na Mama akiisikia ngo ya mwisho alikuwa anaacha hata maziwa yamwagike jikoni. Safari hii homa ilimkamata njiani. Alilazwa jioni, kulipokucha hakuwepo tena.

Mama hakuambiwa. Moyo wake ni mgonjwa na daktari alishaonya asipewe habari za kushtua. Basi Mjomba, ambaye kwenye ukoo huo akikohoa tu watu wanakaa chini, akakata shauri: Mama ataambiwa siku jeneza likifika, watu wamejaa na wa kumshika wapo. Mpaka siku hiyo ni marufuku kutaja maiti, marehemu wala msiba ndani ya nyumba. Hata wakala wa kusafirisha maiti alifundishwa. Akipiga simu anasema "kijana". Kijana anasubiri kibali. Kijana atapanda gari kesho. Na Mama akiuliza, wote wanamjibu kwa mdomo mmoja: "Yuko njiani, Mama. Anakuja."

Jamani! Mwambie mzazi mwanawe anakuja, halafu utegemee afanye nini? Mama akatandika kitanda. Akafua pazia. Na kila jua likizama akawa anafungua geti, anasimama barabarani na kumwita mwanawe kwa jina alilompa mwenyewe, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuitia mtoto chakula: "Njoo nyumbani, baba! Njoo, giza hilo linaingia!"

Kuna kitu kikaitika.

Dada alijikaza kisabuni akaingia chumbani. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu wa mwanamume mzima, na alipoligusa lilikuwa la baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kwenye jokofu. Chumba kilinuka dizeli, ile ya mashati ya Tairi. Chini ya dizeli palikuwa na harufu nyingine, ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji. Akatoka kinyumenyume.

Tangu hapo nyumba haikuwa yao tena. Sahani ya chakula ikiwekwa chini ya pazia inarudi tupu, imekauka utadhani imefutwa kwa kitambaa. Kikohozi kikawa kinasikika chumbani mchana kweupe. Mama naye, ambaye miezi mingi alikuwa akitembea kwa kushika kuta, akaanza kuimba jikoni. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimuuma Dada kuliko kilio chochote.

Siku wakala alipopiga kusema kijana ameanza safari, Dada alikuwa anafagia ukumbini.

"Dada," sauti iliita kutoka chumbani. Ilikuwa sauti ya Tairi, na mkwaruzo wake ule ule wa sigara. "Dada, usimlete huyo mwingine."

Fagio lilimponyoka.

"Mwambie dereva ageuze gari," sauti ilisema taratibu, bila hasira. "Mama ameshapata mtoto wake. Hapa hatutoshi wawili."

Jioni wakala akapiga tena, na safari hii alisahau hata mafunzo ya Mjomba. "Dada yangu, gari la maiti limekwama kwenye mpaka wa mwisho. Kibali kipo, mafuta yapo, fundi kaangalia kachoka. Dereva akielekeza huku kwenu, linazima. Akigeuza kurudi alikotoka, linawaka lenyewe. Anasema akishindwa kesho anaomba marehemu azikwe huko huko."

Mjomba, aliyekuwa akiapa kwamba majini ni hadithi za kulazia watoto, ndiye aliyekwenda kumleta mganga, tena mbio. Alikuwa mwanamke mnene, mkoba wake una dawa na simu isiyokoma kuita. Alinusa mlangoni mwa chumba mara moja, akazima simu, akakataa hata kufungua mkoba.

"Huyu siwezi kumtoa," alinong'ona. "Hakuvamia. Nyumba nzima mmesema anakuja, na mama yake kamwita kwa jina. Mimi nitamfukuzaje mgeni wa mtu?"

"Sasa tufanyeje?" Mjomba aliuliza, naye kwa kunong'ona.

"Aliyemwita amtoe. Amwambie kwa mdomo wake kwamba mwanawe amekufa. Bila hivyo huyu habanduki, na kijana wenu atazikwa na watu asiowajua."

"Akisikia, moyo wake utasimama," Mjomba alisema.

Mganga akachukua mkoba wake. Mjomba, mtu wa amri, akaangalia viatu vyake.

Dada alimkuta Mama jikoni, anapakua chakula cha kupeleka kwenye pazia. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye majimaji. "Mama, kuna jambo nimekuficha."

"Kwamba amekufa," Mama alisema, bila kugeuka. "Nimejua tangu siku ya kwanza ulipokwenda kuongelea nyuma ya tangi. Lini umewahi kunificha habari njema?"

"Na huyu wa chumbani?"

"Nimzae mimi, nimlee mimi, halafu nisikijue kikohozi chake? Najua si yeye." Akaweka mwiko chini. "Lakini ananiita Mama."

Dada alilia hadi akakosa pumzi. Mama akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni pake, akasubiri.

"Mwanangu yuko wapi sasa hivi?"

"Mpakani, Mama. Kwenye gari. Gari linagoma kuvuka."

"Na giza hilo linaingia," Mama alisema. Akafuta mikono, akaenda.

Alisimama mbele ya pazia. Kabla hajafungua mdomo, sauti ilianza kulia, kwanza sauti ya mwanamume, halafu ya kijana, halafu ikashuka, ikashuka mpaka ikawa ya mtoto mdogo mwenye homa, inasema Mama kuna baridi, Mama usinitoe nje, Mama mimi ndiye uliyeniita, na harufu ya maua yaliyooza ikajaa nyumba nzima mpaka Mjomba akatapika ukumbini, pazia likafura na kusinyaa utadhani linapumua, vikombe jikoni vikagongana kwenye misumari yake, na Mama, mkono mmoja kifuani, amekunjamana kwa maumivu, akasema kila neno peke yake.

"Mwanangu amekufa."

Vikombe vikatulia.

"Amekufa, na mimi sikuwepo kumshika mkono. Wewe si yeye. Nilikuita kwa uchungu, nisamehe. Toka." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Toka, baba."

Ubaridi ukawapita wote miguuni. Geti likafunguka lenyewe, likajifunga taratibu. Hata kabla Dada hajamshika Mama asianguke, simu ikaita: gari limewaka, limevuka.

Walimzika kesho yake. Jeneza lilikuwa na bati ndani, limechomelewa, na sheria za usafirishaji hazikuruhusu kulifungua, kwa hiyo Mama hakuuona uso wa mwanawe. Aliweka shavu kwenye mbao, akabaki hapo mpaka akainuliwa. Vitu vya Tairi vilikuja kwenye mfuko wa nailoni: shati, simu iliyozimika na funguo. Funguo Mama akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jioni hiyo watu walipotawanyika, Mama na Dada walibaki wamekaa sakafuni bila kuwasha taa.

Ngo, ngo.

Kimya kidogo.

Ngo.

Wakatazamana. Yule wa chumbani hakugonga hata siku moja. Dada akageuka kutazama msumari. Funguo zilikuwepo, zinabembea polepole, na upepo haukuwepo.

"Ni yeye, Mama?" alinong'ona. "Ndiye mwenyewe?"

"Sijui," Mama alisema, machozi yakimtiririka. "Mwanangu, sijui."

Geti likagongwa tena, kwa upole, kwa adabu zile zile za Tairi akirudi amechoka. Mama aliinuka nusu, akajirudisha chini. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akaitika, na humo ndani ya viganja, kwa sauti ambayo Dada tu aliisikia, akawa anasema: "Lala, baba. Lala huko huko."

Ikagongwa mpaka taa za barabarani zikawaka. Kesho yake jua lilipozama, ikagongwa tena.