Reli Isiyopita Lisekese

"Kaka, umeikalia kwaya ya Newala."

Gideoni aliruka kama aliyeumwa na siafu. Ilikuwa saa nane mchana, stendi ya Masasi imefurika abiria, na lori la mabibo ya korosho yaliyoanza kuchacha lilikuwa limesimama karibu na mabasi, harufu yake ikimtoa mtu machozi. Kumbe alichodhani ni gunia la mtu asiyekuwepo kilikuwa furushi la sare thelathini za kwaya, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

Aliitwa Yuster, fundi cherehani wa pale sokoni. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, likamkaa kiunoni bila kuomba msamaha kwa mtu. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni.

"Nisamehe, dada. Nimewakunja soprano?"

"Umewakunja besi. Soprano wako juu." Alijitahidi asicheke, akashindwa.

Gideoni alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na bomba refu la plastiki mgongoni. Yuster akauliza limebeba nini.

"Ramani. Mimi nachora vitu ambavyo havijajengwa."

"Na vikishajengwa?"

"Sijawahi kufika huko," alijibu, na hapo hakuwa anatania, ingawa Yuster alidhani anatania.

Gideoni alikuwa anarudi Newala kwa basi lilelile ambalo Yuster alitaka kulikabidhi furushi, kwa hiyo furushi likasafiri mapajani mwake, na namba ya simu ikapatikana kwa kisingizio cha kumjulisha fundi kwamba kwaya imefika salama.

Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula ming'oko, mizizi ya porini."

"Peke yako?"

"Na picha yako."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Mpenzi, Jumamosi nakuja. Safari hii nipeleke kwenu nikamwamkie mama."

"Mama kasafiri."

Mama hakuwa amesafiri. Yuster alikuwa na aibu. Nyumba yao ya Lisekese, pembeni mwa mji wa Masasi, ilikuwa na alama ya X nyekundu ukutani tangu mwaka 2018, mradi wa reli ulipopanga kuchimba njia ya treni chini ya milima ya mawe. Waliambiwa wasijenge, wasiongeze chumba, wasichimbe shimo lolote, kwa kuwa treni ingepita chini yao. Uchimbaji ungeanza mwaka unaofuata. Ukasogezwa, ukasogezwa tena. Jirani yao Nurdin alipochimba choo kipya, shimo lilifukiwa na yeye akalala mahabusu siku mbili.

Choo cha Mama Yuster kilijaa mwaka wa tano. Funza walipanda ukutani, na nzi wa kijani walifuata watu mpaka kwenye sahani. Mvua ikinyesha, uchafu ulitoka chini ya mlango na kuelekea jikoni. Yuster angempelekaje mchumba pale? Akitaka kujisaidia je?

Gideoni naye hakuwahi kusema ramani zake ni za nani. Kila alipofika mtaa wowote na kutaja reli, watu walitema mate chini. Hakutaka Yuster ateme.

Januari mradi uliitisha mkutano Lisekese. Viongozi waliketi kivulini chini ya turubai, mezani maji baridi ya chupa na sambusa. Mkuu wao, Bwana Abdulrazaki, alizungumza saa nzima kuhusu upembuzi yakinifu mpya, awamu ya tatu, na dira ya mwaka 2040. Kila tarehe aliyoitaja ilikuwa mbali kuliko ile ya mkutano uliopita. Kisha akasema mtaalamu wake atajibu maswali, na mtaalamu akainuka akijifuta mafuta ya sambusa midomoni.

Yuster, aliyekuwa nyuma kabisa na wanawake wenzake, alijiinua kidogo apate kumwona. Ilikuwa midomo ya Gideoni.

Mama yake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mwanangu, mie mambo ya 2040 sina. Nauliza choo. Tuchimbe au tusichimbe?"

Pale mezani walicheka. Bwana Abdulrazaki alijifunika pua kwa leso, kana kwamba swali lenyewe linanuka.

"Mama," alisema Gideoni, "eneo bado ni la mradi. Tunaomba mvumilie kidogo."

"Kidogo ya miaka mingapi?"

Gideoni aliinamia karatasi zake. Alipoinua macho kutafuta pa kuyaweka, yakakutana na ya Yuster.

Gideoni alipiga simu mara tisa jioni ile. Ya kumi ikapokelewa.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Umemcheka mama yangu."

"Sikucheka! Na sikujua ni mama yako, naapa."

"Asingekuwa mama yangu ingekuwa sawa?"

Gideoni alikuwa chumbani kwake Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu, dirisha wazi na upepo ukipiga karatasi. Alikuwa na jambo alilolificha tangu mwaka juzi, na sasa likamtoka.

"Yuster, reli haipiti kwenu."

"Unasemaje?"

"Ilihamishwa mwaka juzi. Mawe yale ni magumu, njia ya chini ikafutwa. Mstari mpya unapita mbali upande wa kaskazini. Nimeuchora mimi. Barua ya kuachia maeneo yenu ipo, imesainiwa, lakini mkuu ameifungia kabatini. Anasema huenda siku moja maeneo yenu yakahitajika."

Yuster alikalia kigoda cha cherehani. "Miaka miwili? Mama ana miaka sitini na minane, Gideoni. Anachutama kwenye mikorosho ya watu. Na wewe leo umesimama ukamwambia avumilie?"

"Ningesema ningefukuzwa."

"Niletee hiyo barua."

"Nipe wiki mbili. Nipange nitakavyoitoa."

"Wiki mbili," alirudia Yuster taratibu. "Hata kuongea unaongea kama wao. Unanitia kinyaa." Akakata.

Siku ya kumi na moja mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Mama Yuster alichoka kulowa mikoroshoni, akaingia choo kile cha zamani. Sakafu ilikuwa imeoza chini. Ilimeguka naye.

Yuster alisikia kelele akiwa jikoni. Alimkuta mama yake amezama mpaka kifuani, mikono imeng'ang'ania mti mmoja wa sakafu uliobaki, kilemba kikielea. Hakulia. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Msinitazame. Jamani, msinitazame." Nurdin na watu wengine walimvuta kwa kamba ya ng'ombe. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti.

Kabla ya kumpeleka hospitali, Yuster alimwosha. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitoa funza kwenye nywele za mvi kwa vidole vyake, mmoja mmoja, huku mama amegeuzia uso ukutani. Walipofika wodini alimpigia Gideoni. Alisema sentensi moja kuhusu kilichotokea na nyingine moja: "Sasa endelea kupanga."

Kesho yake mchana Gideoni alifika ofisi ya kijiji bila shati la pasi, bila kunyoa. Alitaja jina lake kamili na cheo chake mbele ya watu waliokusanyika, akaisoma barua yote, akabandika nakala na ramani mlangoni. "Nilijua miaka miwili," alisema. "Nilinyamaza." Mtu mmoja akamtemea mate kifuani. Hakujifuta. Jioni hiyohiyo Bwana Abdulrazaki alimfukuza kazi kwa simu.

Lisekese nzima ilichimba vyoo wiki ile. Nurdin alichimba cha Mama Yuster kwanza, futi kumi na tano. Gideoni alituma ujumbe kila siku. Yuster alisoma kila mmoja, hakujibu hata mmoja. Alimkumbuka, na kila alipomkumbuka alinawa mikono.

Ilikuwa Mei mama alipoanza kutembea kwa magongo. Siku moja, akimenya mihogo kwenye baraza, aliuliza, "Yule kijana wa barua. Ndiye aliyekuwa anakupigia simu unacheka peke yako?"

"Ndiye."

"Wengine wote wa meza ile, umewahi kuwaona tena?"

"Hapana."

"Mie simpendi," alisema mama. "Ila yeye alirudi. Nenda kamuulize anaoa au haoi, upate kulala. Unanisumbua kwa kugeukageuka kitandani."

Yuster alipanda basi la Newala, kisha bodaboda mpaka Mnyambe, kwa kina Gideoni. Alimkuta akipalilia mikorosho ya baba yake, kifua wazi, udongo umemganda mpaka kwenye kope, viganja vina malengelenge yaliyopasuka. Jembe likamponyoka.

"Shikamoo uliyotaka kumpa mama, nimekuletea marahaba yake mapema," alisema Yuster. "Hajakusamehe. Anauliza unaoa au huoi."

"Na wewe unaulizaje?"

"Mimi nilikwambia unanitia kinyaa. Bado kipo. Kuna siku kinapungua, kuna siku naiona ile sambusa."

"Najua. Hata mimi naiona."

"Nilikupenda sana, Gide. Ndiyo maana ilinuka sana."

Gideoni alitazama chini. Hakuomba tena msamaha. Alikwishaomba kwenye ujumbe mia moja na kitu. Alisema tu, "Naoa. Kama utanikubali nilivyo, sina kazi, sina mpango wowote."

"Mipango ya nini? Nimeichoka mipango." Yuster alivua kandambili iliyojaa mchanga, akaikung'uta, akaivaa. "Padri wenu yupo?"

"Yupo. Lakini ngoja basi nikaoge, Yuster. Nanuka."

"Niliyoyaosha mimi mwaka huu, jasho lako ni kitu gani?"

Akamshika mkono kama ulivyo, na udongo wake na damu ya malengelenge, wakashika njia ya kanisani.