Taya Ambazo Sikuzitazama

Kila asubuhi nilikunja blanketi langu, nikainua ubao wa kitanda, na kitanda kikawa meza. Mama alipanga vitabu vya hesabu upande mmoja na sahani za mayai upande wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mwalimu alikuwa Mama, darasa lilikuwa jikoni, na ukichelewa kuamka umechelewa mita mbili tu.

Tangu nina miaka minne tumeishi ndani ya tela. Baba yangu, Harlan Teague, huchomelea mabomba ya gesi, na kazi ya bomba haikai mahali pamoja. Ikiisha Texas tunafungasha tunakwenda Oklahoma, ikiisha huko tunafungasha tena. Nyumba yetu ina jiko, bafu na vyumba viwili, na pua yake hupanda juu ya bodi la pikapu, pale nyuma pa kubebea mizigo, ikashikwa hapo. Bila pikapu hatuendi popote.

Mwezi wa tatu pikapu yetu ya zamani ilikufa injini tukiwa kaskazini ya Texas, katika uwanja wa matela ulio kando ya barabara kuu. Baba akanunua mpya ya dizeli, ya kijivu, ambayo alikuwa ameitamani kwa miaka kumi na moja. Aliiosha kila jioni, ingawa upepo wa huko huleta vumbi kabla hujakausha kitambaa. Mama alikuwa akichungulia dirishani na kumwambia, "Harlan, ukimaliza kumwogesha mke mwenzangu, njoo ule." Baba alicheka. Zamani Baba alikuwa mtu wa kucheka.

Lakini pikapu mpya haiwezi kuvuta nyumba hivihivi. Kazi ya kuiandaa alipewa Mzee Orville Pruitt, aliyekuwa akiishi peke yake katika tela ya mwisho uwanjani. Alikuwa na miaka sabini na minne na miwani minene, na kwa miaka arobaini watu walikuwa wamemletea magari yao kwa ajili ya kazi hiyo. Alitumia siku mbili. Alifunga vyuma viwili kwenye fremu yenyewe ya gari, akaweka juu yake sahani nzito ya chuma yenye taya za kushikia tela, akavuta waya wa umeme na wa breki hadi ndani ya bodi. Alipima kimo cha sahani mara tatu, maana pikapu hii ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko ile ya kwanza. Mimi nilimshikia futi, yeye akanifundisha.

Chini ya pua ya tela kuna pini nene. Pikapu ikirudi nyuma, pini huingia kati ya taya, na taya hufunga shingo ya pini. Tela ikiwa imeinuliwa kupita kiasi, pini hukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake. Ukiwa mbali unadhani imefunga, kumbe nyumba imekaa tu juu ya chuma. Ndiyo maana lazima mtu ainame na tochi, atazame kwa macho yake.

Mzee Orville alikuwa na sharti moja. Hakukubali mtu amwambie iko sawa.

"Sawa inafananaje?" aliniuliza. "Mimi sijawahi kuiona. Wewe niambie umeona nini. Umeona taya zimekumbatia shingo? Umeona mwanga unapita kati ya sahani na bamba la tela pale juu ya pini? Ukipita, haijafunga. Hukuona kitu, sema hukuona."

Nilisema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Sina hata hicho kisingizio.

Tulipaswa kuondoka Jumamosi. Baba alikuwa amepata kazi Wyoming, na msimamizi wa huko alimtaka Jumatatu asubuhi. Mimi sikutaka kuondoka. Katika uwanja ule nilikuwa nimepata rafiki, Yadira, ambaye mama yake aliendesha chumba cha kufulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa na mtu wa kumwambia mambo yangu. Asubuhi ile nilinuna. Mama aliniita mara mbili nije nikunje mpira wa maji, nikaja nikiburuta miguu.

Baba aliinua pua ya tela kwa miguu yake ya chuma, kwa kukadiria tu, akairudisha pikapu nyuma taratibu. Chuma kiligonga chuma. Upepo ulikuwa mkali na vumbi lilituingia machoni. Kutoka dirisha la pikapu alinipigia kelele kwamba nitazame taya. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa bodi, tochi mkononi, na wakati huohuo Yadira alikuwa ametoka chumba cha kufulia ananipungia. Niligeuka kumtazama. Nilikuwa na hasira na Baba, na pikapu yake, na Wyoming nzima.

"Ushaona?" Baba aliuliza.

"Nishaona," nikasema. "Zimefunga."

Sikuwa nimeinama. Tochi hata sikuiwasha.

Baba alipandisha miguu ya mbele ya tela, akaondoa gari. Halikwenda hatua kumi. Nilisikia mlio mrefu wa chuma ukisuguana, kisha nyumba yetu ikaanguka juu ya pikapu. Pua ya tela ilizikunja kingo zote mbili za bodi, kioo cha nyuma kikamwagika chini, na ndani ya nyumba vyombo vyote vya Mama vikatoka makabatini kwa pamoja. Baba alishuka akasimama tu. Mama alimshika mkono, naye hakuonekana kujua kwamba ameshikwa.

Majirani walikuja na jeki na magogo wakainua tela. Mzee Orville alifika saa sita mchana kutoka kazini, akakuta watu bado wamejaa. Baba alimfuata mbele ya wote.

"Umenifungia nini hapa, Orville?"

"Nimekufungia kama ninavyofunga siku zote, Harlan. Nilizijaribu taya mara tatu."

"Basi siku zote ulikuwa unabahatisha. Macho yenyewe huna, unang'ang'ania nini? Familia yangu ingekufa barabarani."

Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alipanda kwenye bodi lililokunjika, akapapasa taya kwa vidole, akazifungua na kuzifunga. Watu walikuwa wakimwangalia kama mtu anayeangaliwa na daktari. Nami nilikuwa miongoni mwao, nimeshika tochi, nimefunga mdomo.

Nilijiambia nitasema jioni. Jioni Baba hakula. Nikajiambia nitasema Jumapili. Jumapili nilimsikia jirani mmoja akimwambia mkewe kwamba hatampa tena Orville gari lake, si salama, mzee amechoka. Jumatatu wawili wengine walifanya hivyohivyo. Jumanne msimamizi wa Wyoming alipiga simu kwamba hawezi kungoja, nafasi imepewa mtu mwingine. Baba alisema ahsante, akaiweka simu mezani, akatoka nje. Maharage na mkate wa mahindi vilipoa mezani, na Mama hakumwita mtu.

Siku hizo nilijichukia. Kila saa iliyopita iliufanya uongo wangu uwe mkubwa zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa nikikaa mezani mbele ya hesabu, namba zikipita machoni bila kuingia kichwani. Mama alidhani ninasikitikia pikapu, akanikumbatia, na kukumbatiwa kule kuliniumiza kuliko kofi.

Alhamisi asubuhi Yadira alikuja kunigongea. Aliniambia Mzee Orville anagawa vifaa vyake. Nilidhani ananitania.

Nilikwenda. Mbele ya tela yake alikuwa ametoa meza, na juu yake amepanga spana kwa ukubwa, nyundo, futi, na misumeno ya chuma. Alikuwa ameandika kwenye boksi: Chukua unachotaka. Watu wawili walikuwa wanachagua bila kumtazama usoni. Walipoondoka nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Kaa hapo, binti," aliniambia. Aliongea polepole, hana hasira. "Siku tano hizi nimeifunga ile kazi upya kichwani. Kila bolti. Nakumbuka nilizikaza. Nakumbuka nilizijaribu taya. Lakini Jumatatu nilikumbuka pia kwamba nimezima jiko, nikarudi nikakuta linawaka. Sasa nitajuaje lipi nalikumbuka kweli na lipi najidanganya? Mtu akifika hapo haruhusiwi kugusa gari lenye watoto ndani."

Alikuwa akiitazama mikono yake. Nilitamani anipige, anitukane, afanye chochote kuliko kuitazama mikono ile.

"Sikutazama," nikasema.

"Hukutazama nini?"

"Taya. Baba aliniuliza nikasema nimeona. Sikuinama. Nilikuwa namwangalia Yadira."

Upepo uliangusha lile boksi na hakuna aliyeliokota. Kisha akaniuliza kama nimemwambia baba yangu. Nikasema hapana.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi sitamwambia kwa niaba yako. Na sitakushika mkono."

Nilimkuta Baba nyuma ya pikapu, anagonga ukingo wa bodi kwa nyundo, akijaribu kuunyoosha. Nilimwambia yote, na kwa kuwa nilijua nikinyamaza katikati sitaweza kuendelea, nilisema bila kupumua. Nilipomaliza aliiweka nyundo chini. Nilingoja anigombeze. Badala yake alikaa juu ya tairi, akafunika uso wake.

Baadaye aliniambia kitu ambacho sikukitarajia. Kila mvutaji wa tela anajua kwamba baada ya kufunga, kabla hujapandisha miguu ya tela, unashikilia breki za tela na kuivuta kidogo kwa pikapu. Kama taya hazijafunga, pini inachomoka hapohapo, lakini tela inabaki imesimama kwa miguu yake. Baba hakuvuta. Alikuwa na haraka ya Wyoming.

"Nimelijua hilo tangu Jumamosi," alisema. "Nikaona ni rahisi kumbebesha mzee wa watu."

Hakunipeleka peke yangu. Tulikwenda wote, na Mama nyuma yetu, hadi chumba cha kufulia ambako watu huwa wamekaa wakingoja nguo. Ni haohao waliomsikia Baba akimfokea mzee. Baba alisema kazi ya Orville ilikuwa safi, kosa lilikuwa lake na langu, na kwamba alimdhalilisha mtu asiye na hatia. Nami nikasema sehemu yangu. Sauti haikutoka vizuri, nikairudia. Hakuna aliyetupigia makofi. Mwanamke mmoja aliniambia nione haya, nikamjibu naona. Kisha mmoja wa wale waliochukua spana aliinuka akaenda kuileta, na mpaka jioni meza ya mzee ilikuwa imejaa tena.

Siku mbili zilizofuata Baba alizinyoosha kingo za bodi kadiri zilivyokubali. Akapata kazi nyingine Kansas, ndogo na ya muda mfupi, lakini kazi. Jumapili asubuhi Mzee Orville alikuja kuifunga sahani upya. Baba alimwomba radhi tena, mzee akampa mkono, wakaanza kazi.

Nilimshikia futi kama mwanzo. Lakini haikuwa kama mwanzo. Alikaza bolti ya kwanza, akamwita Baba aje aijaribu. Akakaza ya pili, akamwita tena. Alipima kimo, akanipa futi nisome, akamwita na Mama asome. Bolti kumi na sita, na kila moja alimwita mtu. Zamani Mzee Orville hakuwa akimwita mtu yeyote.

Nilimuuliza kama bado haamini kwamba kosa lilikuwa langu.

"Naamini," alisema. Alifuta mikono kwa kitambaa, akakaa ukingoni mwa bodi. "Sikiliza, Dessa. Bati limekunjika, baba yako amelinyoosha. Wyoming imepotea, Kansas imepatikana. Hayo yote mtu hufidia. Lakini ulipodanganya, mimi ndiye niliyepaswa kuupa uongo wako maelezo, na maelezo pekee niliyoyapata ni kwamba akili yangu imekwisha. Nikayaamini siku tano nzima. Sasa najua si kweli, ila mikono haijapata habari. Ukisema uongo, usidhani unajificha wewe tu. Kuna mtu mkweli mahali fulani ataanza kujitilia shaka kwa sababu yako. Ndiyo sababu unasema kweli, na unaisema mapema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

Aliinamia bolti ya mwisho, akaikaza mpaka spana ikagoma. Akaitazama, akaigusa, akaitazama tena. Kisha akaniomba nimwite Baba.