Kipande cha Kumi na Moja

Redio ilijibu kabla Rakiya hajauliza. Alikuwa ameinua kipaza sauti, hajabonyeza kitufe, hata pumzi ya kusemea hajaivuta, akasikia mwanamke akisema, "Nakupata vizuri, endelea." Sauti yenyewe ilikuwa yake.

Alikirudisha kipaza sauti mezani polepole. Nje, vumbi la upepo wa jangwani lilikuwa limeifunika Kaduna tangu asubuhi. Ndani ya karakana alikuwa yeye, redio ya mezani, redio kumi na mbili mpya na moja ya akiba, na harufu ya ubani. Ubani, jamani, kwenye chumba ambacho madirisha yake hayafunguki na hata kiberiti hakiruhusiwi!

Redio zile hazikuwa za kizamani, za kufungua kifuniko na kubadili waya. Ndani yake mlikuwa na kompyuta tu. Kazi yote, kuanzia kushika masafa hadi kuigeuza sauti ya mtu kuwa tarakimu na kuijenga upya upande wa pili, ilifanywa na vipande vya programu. Na mfumo ulikuwa wazi: yeyote duniani angeweza kuandika kipande, na kikifuata kanuni, redio yoyote ya mfumo huo ingekipokea. Kazi ya Rakiya ilikuwa kupima kila kipande na kukitia sahihi yake ya siri. Bila sahihi hiyo, redio ilikigomea.

Vipande vilipaswa kuwa kumi. Alivihesabu kwenye skrini, akarudia tena kwa kidole. Vilikuwa kumi na moja.

"Injinia, hiki cha kumi na moja, cha kujenga sauti, kaandika nani?" alimuuliza mkuu wake, Danlami, aliyeingia akisoma makaratasi.

"Mimi nijue wapi? Si mfumo wazi?" Danlami hakuinua hata kichwa. "Kazi yako si kumuuliza mgeni ukoo wake, dada. Akifuata kanuni za nyumba, anaingia. Pima."

Alipima. Vipimo vilikuwa mia mbili na kumi na nne, na katika miaka sita hakuwahi kuona kipande kikifaulu vyote mara ya kwanza. Hiki kilifaulu vyote. Sauti ilitoka safi mpaka Danlami akapiga makofi.

"Tia sahihi! Alhamisi walinzi wanaowasaka majambazi wanakuja kuchukua redio zao."

"Humu mna harufu, injinia."

"Harufu ni ya nywele zako. Tia sahihi, mama, tusikeshe hapa."

Akatia. Tena akatia sahihi ile ile aliyotumia kwa vile kumi vingine, maana kutengeneza mpya kulichukua nusu saa na hakuna fundi pale aliyejisumbua. Uvivu mdogo tu, wa watu wanaojiamini.

Kiongozi wa walinzi waliochukua redio zile alikuwa Lawali, mumewe. Miaka minane ya ndoa, Lawali hakuwahi kulitamka jina la mkewe, wala Rakiya la mumewe. Ndivyo walivyolelewa Wahausa wale; kumtaja mwenzako kwa jina ni kukosa haya. Yeye alimwita mkewe Mwenye Nyumba, na mkewe akamwita Mpangaji, na kila asubuhi walicheka utani huo huo kama wameubuni jana.

"Mwenye Nyumba, naingia msituni," alisema Alhamisi ile, redio begani. "Chumba changu usimpe mtu."

"Ukichelewa, Mpangaji, ugali wako wa tuwo nampa mbuzi."

Jumamosi mchana Rakiya alikuwa peke yake karakanani. Redio ya akiba ilikuwa rafuni, betri imetolewa. Ikasema, kwa sauti ya Lawali, "Rakiya. Rakiya, mbona hujibu?" Nyuma ya sauti palisikika mchi ukitwanga kwenye kinu, taratibu, mbali. Mumewe hakuwahi kumwita hivyo, kwa hiyo huyo hakuwa mumewe. Alilijua hilo kabla hajajua kitu kingine chochote.

Simu ikaita. Alikuwa Lawali wa kweli, kutoka kilimani, mahali pekee kule penye mtandao.

"Mwenye Nyumba, tumekusikia. Tunashuka kwa njia ya mtoni kama ulivyosema."

"Nilivyosema mimi? Lini?"

"Si sasa hivi redioni? Umesema kambi yetu kuu imetutumia ujumbe kupitia kwako, njia ya..." Mtandao ukakata.

Alirukia kipaza sauti cha redio ya mezani. "Mpangaji! Mpangaji, msishuke, rudini juu!"

Sauti yake mwenyewe ikamfunika, tulivu, yenye huruma: "Endeleeni, Mpangaji. Kuna mtu ananiigiza."

Hapo woga ukamvua haya yote. "Lawali!" alipiga kelele. "Lawali, ni mimi, Rakiya! Wallahi ni mimi! Lawali, rudi!"

Kisha mumewe akajibu, kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Wewe si mke wangu. Mke wangu hanitaji jina." Akafunga.

Danlami aliyasikia yale akiwa mlangoni. Alitoka mbio, akarudi na Malam Tukur wa msikiti wa nyuma, mzee asiyejua redio wala kuziogopa. Malam alisoma dua mpaka jasho likamlowesha kanzu. Ubani ukazidi, mchi ukatwanga karibu zaidi, kana kwamba kinu kimewekwa chini ya meza.

"Nani kakuruhusu kuingia?" Malam aliuliza.

Redio isiyo na betri ikajibu kwa sauti ya Rakiya, ikisoma cheti cha vipimo neno kwa neno. "Kipande cha kumi na moja. Kimepimwa. Kimefaulu. Ametia sahihi Rakiya Mudi."

"Mnasikia?" Danlami alinong'ona, akirudi nyuma. "Sahihi yake. Si yangu."

"Aliyemfungulia ndiye atakayemtoa," Malam alisema. "Binti yangu, unaweza kuifuta sahihi hiyo?"

"Naweza. Lakini ni moja kwa vipande vyote. Nikiifuta, redio zote zinazima."

"Na watu wamo msituni, na majambazi wamo msituni," alisema Danlami. "Utawaacha viziwi?"

"Bora viziwi kuliko kumsikiliza huyu! Redio zikizima watapanda kilimani kutafuta simu. Nitampata huko." Alikwisha kaa mbele ya kompyuta.

Akaandika amri, akaweka kidole juu ya kitufe cha mwisho, na wakati huo huo redio zote mbili zikafurika mlio wa risasi na maji na watu wakikimbia, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya Lawali ikilia, "Rakiya! Rakiya, wametuzingira mtoni, nimewapata kambi, ngoja niwape mahali tulipo, usiguse kitu, Rakiya, Rakiya wangu, usituzime," na mchi ukatwanga na kutwanga, na Danlami akaziba masikio, na Malam akaacha kusoma akamtazama yeye tu, na Rakiya, machozi yakimchuruzika, akacheka.

"Umesahau, mshenzi wewe," alisema. "Mume wangu hanitaji jina."

Akabonyeza. Redio zikanyamaza. Ubani ukaisha, mchi ukaacha.

"Ametoka," alisema Malam Tukur, akajifuta uso kwa kilemba.

Rakiya alipiga simu ya Lawali hadi chaji ikaisha. Jumapili adhuhuri walinzi walirudi. Walikwenda kumi na wawili, wakarudi saba, na walichobeba kilikuwa kimefunikwa mkeka. Audu, msaidizi wa Lawali, alipiga magoti mlangoni kwa Rakiya.

"Shemeji, kambi tulikwisha ipata. Alikuwa anawatajia mahali tulipo. Bado neno moja tu, redio ikafa mkononi mwake." Aliweka kizingitini viatu vya Lawali na redio yake. "Na kuna jambo limenishangaza. Alikuwa anakuita kwa jina. Rakiya, Rakiya. Miaka yote sijamsikia akilitaja. Labda mtu akiona kifo, haya inamtoka."

Rakiya aliketi chini pale pale kizingitini. Lawali, Lawali, yeye mwenyewe alikuwa amepiga kelele hivyo, chini ya saa moja kabla ya kubonyeza kitufe, na woga ndio uliomtia jina lile kinywani. Alikuwa nalo jibu, na hakulikumbuka. Yule mwingine, wa redioni, ndiye aliyekumbuka. Yule alimfundisha tangu mwanzo aliogope jina lake mwenyewe, kisha akakaa pembeni akamwachia afanye yaliyobaki.

Walimzika kabla ya alasiri. Wanawake walipotoka uani kwenda kuteka maji, Rakiya alibaki chumbani peke yake, ameufunga mlango kwa komeo. Redio ya Lawali ilikuwa mkekani, Audu ameileta pamoja na viatu, betri haimo. Ubani ulianza kidogo kidogo.

"Mwenye Nyumba," ilisema nyuma ya mlango sauti aliyoijua kwa miaka minane, yenye kicheko cha asubuhi, bila kosa hata moja. "Mpangaji wako amerudi. Nifungulie."

Rakiya alijua si yeye. Akainuka, akatoa komeo.