Mkanda wa Mazishi ya Florian

Sidii iliyokwisha kuchomwa picha hutoka mashineni ikiwa na joto, kama chapati iliyoepuliwa. Ile ilitoka baridi, na Hyasinti alipoiweka mezani iliacha duara la maji.

"Edina, umemwaga maji hapa?"

"Niyatoe wapi? Bomba la Mbinga nzima limekauka," mkewe alijibu. "Labda ni jasho lako la uvivu."

Sidii ilikuwa ya mazishi aliyoyarekodi mwenyewe kwa kamera yake huko Liuli, kando ya ziwa. Florian alizama ziwani, mwili usionekane, na ukoo ukazika mgomba badala yake. Mjane, Winifrida, aliagiza nakala nyingi. Hyasinti alimshuku: mjane gani hupenda msiba wake usambae hivi?

Akaitazama sidii. Nyuma ya waombolezaji alitembea mwanamume aliyelowa, ambaye siku ya mazishi hakumwona. Akachoma ya pili. Mtu yule alikuwa katikati ya msafara. Katika ya tatu alikuwa amewatangulia wote, akalipita jeneza, akalipita kaburi, akasogea mpaka uso wake ukakijaza kioo cha televisheni, macho yakimwelekea Edina pale alipoketi, huku harufu ya matope na dagaa wa usipa waliooza ikitanda chumbani, na spika, ingawa Hyasinti alikwisha kuzichomoa, zikitoa pumzi za mtu anayetafuta hewa.

"Nimesimama mno," Edina alisema kwa sauti nzito ya kiume. "Nipisheni nilale." Maji yakamtoka kinywani.

Winifrida aliyekuja kuchukua nakala zake aliwakuta hivyo, akiwa na Mzee Pankras, baba mdogo wa marehemu.

"Shikamoo, baba," Hyasinti alisema.

"Marahaba. Nionyeshe." Mzee akatazama, akakunja uso. "Pale nilipouambia mgomba, 'Wewe sasa ndiwe Florian, lala,' pako wapi?"

"Nilipakata, baba. Picha zilizidi nafasi. Nikaona mzee ananong'ona tu, hakuna kinachotokea."

"Basi humu sidiini umezika mgomba, na mwenyewe umemwacha nje. Parudishe!"

"Siwezi, mkanda nimekwisha kuurekodia sherehe ya kipaimara juu yake."

"Kijana, unataka mke au hutaki? Kata mgomba!"

Hyasinti akaukata uani, akaulaza miguuni pa Edina. Mzee akauinamia, akanong'ona. Edina akapiga yowe, akatapika maji ya ziwa, kisha akafumbua macho.

"Mume wangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "mbona nimelowa?"

Hyasinti akamkumbatia akilia. Lakini Pankras aliuinua mgomba kwa mkono mmoja, akausikiliza, akauweka chini polepole.

"Kwa mkeo ametoka," alinong'ona. "Humu hakuingia."

Wakageuka. Winifrida hakuwapo.

Hyasinti alikimbia mpaka stendi. Katika basi la Liuli mjane alikaa dirishani, sidii moja mapajani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

"Mama, hapa pana mtu?" abiria mmoja aliuliza.

"Pana mwenyewe," Winifrida alijibu kwa upole, akasogeza magoti kumwachia mumewe nafasi.