Sishuki Mpaka Anijibu

Ukumbi wa gemu ulikuwa umefurika makoti mazito na kelele za vita. Temuulen, kijana mrefu mwenye aibu, alipita na sahani ya maandazi ya nyama, akamkanyaga msichana mwenye buti nyekundu, akaendelea na safari yake.

"We kaka! Mkono uko wapi?" alifoka msichana. "Au unataka tuwe maadui?"

Ukimkanyaga mtu hapa Ulaanbaatar, Mongolia, unampa mkono hapohapo ili msiwe maadui. Temuulen alirudi masikio yakimwiva, akatoa kiganja chenye mafuta.

"Samahani, dada. Nilikuwa naokoa nyama."

"Basi nipe moja. Naitwa Anujin." Akala matatu.

Wakaketi kwenye kompyuta jirani. Kwenye skrini, mbwa mwitu wenye macho ya moto walimkimbiza farasi wa Anujin msituni.

"Wananifikia! Temuulen, nakufa!"

"Usigeuke nyuma. Kimbiza tu."

Mpanda farasi wa Temuulen aligeuka kwenye tandiko mbio zikiwa zimepamba moto, akavuta upinde, akasubiri kwato zote nne ziwe hewani, akaachia. Mbwa mwitu akabiringika. Anujin alikuwa akihema kama aliyekimbia mwenyewe. Moyo wake ukaenda na mshale ule, usirudi.

Miezi ikapita kwa mapenzi na simu ndefu. Kisha Anujin akapiga kwa furaha.

"Kipenzi, baba anataka kukuona! Kasema atampokea mkwe aliye juu ya farasi."

Sauti za gemu upande wa pili zikazimwa.

"Temuulen?"

"Naogopa farasi, Anu."

Anujin akacheka mpaka akalia. "Wewe! Mpiga upinde wangu!"

Simu ikakatika.

Tangu hapo Temuulen hakuonekana, ukumbini wala kwenye gemu. Anujin alipita msitu ule peke yake, na kila mlio wa mbwa mwitu ulimtia hofu ya kweli: kwamba amempoteza. Alipiga simu hadi ikapokewa.

"Nilikuwa mtoto, kwenye mbio," Temuulen alisema kwa sauti ya chini. "Mguu ukanasa kwenye kikuku cha tandiko. Farasi akaniburuta, na watu wakacheka wakidhani nacheza."

Anujin aliona aibu. "Njoo kwa gari, mpenzi. Baba niachie mimi."

Alikuja kwa gari hadi nyikani kwao Anujin, amevaa joho la kijani la babu yake, uso mweupe kama maziwa. Anujin alimsubiri kando ya barabara na farasi wa kahawia, ambaye Temuulen mwenyewe alikuwa ameomba aletwe. Temuulen alimsogelea, akaganda. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ile.

Anujin akamkanyaga mguu, makusudi kabisa, akanyoosha mkono.

"Huu ni wa siku ile nilipocheka," alisema, machozi yakimlenga.

Temuulen aliushika mkono ule, na bila kuuachia akapanda, macho kayafumba. Farasi akaenda hatua kwa hatua, Anujin akitembea ubavuni.

"Nikifika mzima, utakubali nikuoe?"

"Fika kwanza."

Baba yake Anujin alisimama mlangoni mwa hema, akatazama ile mikono miwili.

"Karibu, kijana. Shuka tunywe chai."

"Sishuki, mzee," alisema Temuulen, meno yakigongana. "Sishuki mpaka anijibu."

"Ndiyo, jamani! Ndiyo!" Anujin akapiga kelele.

Temuulen akashuka kwa kuporomoka, visigino vyake vikatua juu ya buti la mzee. Mzee akakunja uso.

"Mkono uko wapi, mkwe?"