Mshiriki Namba 17 Nilimrudisha Mwenyewe

Jumatatu asubuhi nafungua kompyuta ya maabara, chai bado ya moto mkononi, nakuta mtu kafutwa.

Namba 17. Hayupo!

Nikaangalia nani aliingia kwenye mfumo kabla yangu. Ni mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Miwani. Miaka mitatu tunafanya kazi chumba kimoja, jamani!

Ngoja niwaeleze vizuri msije mkapotea. PhD nilishamaliza. Sasa natafiti nini hasa kinabadilika kwenye ubongo mtu anapoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Saikosisi. Tunapiga picha za ubongo za wagonjwa, tunazilinganisha na za wenye afya.

Wenye afya tuliahidi arobaini. Wakatupungukia, ikabidi kila mmoja wetu alete ndugu na marafiki. Wakishaingia wanageuka namba. Majina anayo muuguzi peke yake, kwenye kabati la kufuli. Picha ni zangu, madodoso ni ya Miwani.

Bila 17 nabaki na thelathini na tisa. Na Ijumaa nasimama mbele ya jopo linaloamua nani kati yetu wawili anaongezewa mkataba.

Nikajua tu, huyu ananichimba.

Sikumwambia kitu. Nikamrudisha 17 kutoka kwenye nakala yangu. Mchana kafutwa tena. Nikamrudisha, safari hii nikabadilisha na nywila. Miwani akaniandikia ujumbe mrefu, nikaufuta bila kuusoma. Mimi nikinuna nimenuna.

Akija mezani kwangu, navaa vipokea sauti masikioni. Siku tatu hivyo hivyo.

Alhamisi nikachapisha ushahidi wangu wote, nikaenda kumchongea kwa profesa. Akatuita wawili. Nikasema huyu ni mwizi, anaiba kazi ya mtu mchana kweupe.

Miwani alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hukusoma ujumbe wangu?"

"Nisome uongo wako?"

"17 amejaza kwenye dodoso kwamba anasikia sauti. Swali la tisa. Kaandika, kila siku. Uliponifungia mfumo, nikadhani bado yuko kwenye orodha ya muuguzi."

Profesa akaweka kalamu chini.

Wasomaji wangu, hii sheria naijua hata usingizini. Mwenye afya akijibu hivyo, anatolewa siku hiyo hiyo. Akitolewa, mfumo unapeleka namba yake kwa muuguzi ili atafutwe haraka. Akirudishwa, namba inaondoka kwenye orodha ya kutafutwa.

"Aliyemrudisha ni nani?" profesa akauliza.

Karatasi zangu mwenyewe zilikuwa zinajibu pale mezani.

Siku tatu mtu anaomba msaada, na mimi namziba mdomo ili hesabu yangu itimie!

Muuguzi akaitwa na daftari lake. Akashusha kidole taratibu, kikasimama. Hakumtazama profesa. Alinitazama mimi.

"Dada... ni mdogo wako."

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena, imezimwa.

Ngazi sikumbuki nilishukaje. Aliyeendesha gari mpaka nyumbani ni Miwani, yule yule niliyetoka kumwita mwizi. Muuguzi alikaa nyuma akinishika bega. Njiani nikawa nakumbuka: mdogo wangu siku hizi anakula chumbani peke yake. Kaziba dirisha kwa magazeti. Na mimi nilimtania eti mapenzi yamemkolea. Mimi, mtaalamu wa bongo za watu...

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Kimya. Nikawaomba wenzangu wabaki sebuleni, nikakaa sakafuni nikamwambia ni dada, siingii mpaka atake mwenyewe.

Dakika zile sitaki kuzirudia maishani.

Kitasa kikazunguka. Amekonda, macho mekundu, lakini mzima. Nikamkumbatia nikalia kama mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanishangaa kabisa.

"Si nilikwambia? Nilijaza kwenye karatasi yenu. Nilijua utasoma wewe. Uliponyamaza, zile sauti zikaniambia dada kashajua na hajali."



Sasa ni mwezi wa nne yuko kwenye matibabu. Sauti zimepungua, usingizi umerudi, juzi kanicheka nilipounguza maharage. Ijumaa ile nilisimama mbele ya jopo nikiwa na picha za watu thelathini na tisa, nikaeleza wa arobaini kaenda wapi na nani alimchelewesha. Mkataba akapewa Miwani. Nilimwomba radhi mbele ya wote, na bado anakuja kumsalimia mdogo wangu kila Jumapili.

Nimesoma miaka kumi na tano kuhusu ubongo, na ndugu yangu ilibidi ajaze fomu ili nimsikie. Hata hiyo fomu sikuisoma.

Wewe unayesoma hapa, weka simu chini. Nenda kagonge mlango wa mtu wako, muulize analalaje. Halafu kaa, umwache amalize kuongea.